Asubuhi za Gofu Kando ya Mto Inn

Wengi wetu tukisikia Milima ya Alpi tunawaza theluji na watu waliojifunika makoti mazito. Hivyo ndivyo ilivyo miezi ya baridi. Lakini kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba inapoanza, bonde la Engadin, kusini-mashariki mwa Uswisi, huwa kijani kitupu, na ndani ya kijani hicho kuna viwanja vya gofu ambavyo natamani kila mchezaji wa Afrika Mashariki avione. Tangu turudi, wenzangu wa klabu hapa Dar es Salaam wananiuliza kulikuwaje na safari kama hiyo ipangwe vipi. Haya ndiyo majibu yangu.

Tulikwenda watatu: mimi, mke wangu, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Wao ni watu wa Lamu kwa asili, ila Shemeji amekaa Nairobi miaka mingi na uwanja wake ni wa Limuru. Mimi nimezaliwa Moshi na gofu nimejifunzia pwani. Mke wangu hachezi. Yeye anapenda majengo ya kale, picha za kuchora na kula chakula cha mahali alipo. Tulipokuwa tunapanga tukakubaliana kuigawa siku mara mbili: asubuhi ya uwanja, alasiri ya vijiji. Tulifanya hivyo kwa kuridhishana tu, hatukujua kwamba upepo wa bonde lile umewapangia watu ratiba hiyohiyo tangu zamani.

Reli ya Albula

Anayetaka kuingia Engadin aingie kwa treni nyekundu inayotoka mji wa Chur. Mwanzoni inapita mashamba na miji midogo ya kawaida. Baada ya Thusis milima inasogea karibu, mto unazama chini kabisa, na reli inaanza kutafuta njia mahali ambapo hata mbuzi angesita.

Kwenye daraja la Landwasser watu wote behewani walisimama. Ni daraja la mawe lililopinda, lenye urefu wa meta 136 na kimo cha meta 65, na upande wake mmoja unagonga moja kwa moja kwenye ukuta wa jabali. Hapo treni inaliacha daraja na kuingia handakini bila kupumua. Lilikamilika mwaka 1902. Reli yenyewe ilifika Celerina mwaka 1903 na St. Moritz mwaka uliofuata, na wengi wa vibarua walioijenga walitoka Italia. Shemeji alihesabu kidogo akasema, wakati mawe haya yanapangwa, reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika Kisumu, mwaka 1901. Basi tukawa tunazungumza habari za vibarua wa Kihindi na simba wa Tsavo huku tunapanda kwenda barafuni.

Kati ya Bergün na Preda kuna jambo la kutazama kwa makini. Vijiji hivyo viwili havijaachana sana, lakini kimoja kiko juu ya kingine kwa zaidi ya meta 400, na treni haiwezi kupanda mteremko mkali namna hiyo. Wahandisi wakaizungusha reli ndani ya mlima, ikajisokota na kupita juu ya njia yake yenyewe. Kanisa la Bergün tuliliona kushoto, kisha kulia, kisha tena kushoto, kila mara likiwa dogo zaidi. Halafu likaja handaki la karibu kilomita 6, ambalo lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Tangu mwaka 2008 reli hii imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tulipotokea upande wa pili, mwanga ulikuwa mwingine: mkali, mkavu, wa mahali palipoinuka. Bonde pana lilikuwa limelala mbele yetu na mto unapita katikati.

Samedan

Mto huo ni Inn. Unazaliwa juu ya Maloja, unalipitia Engadin lote, unaingia Austria, na mwisho unamwaga maji yake katika Danube hadi Bahari Nyeusi. Juu ya chanzo chake kuna njia ya mlimani iitwayo Lunghin ambako tone la mvua lina safari tatu za kuchagua: kwa mto Inn kwenda Bahari Nyeusi, kwa mto Rhine kwenda Bahari ya Kaskazini, au kwa mto Po kwenda Bahari ya Adria. Sisi tuliamua kuufuata Inn, uwanja baada ya uwanja.

Wa kwanza ni Samedan, na ndio wa zamani kuliko vyote Uswisi. Ulianza mwaka 1893, enzi ambayo Waingereza walikuwa wakija Engadin kiangazi kwa ajili ya hewa, wakaja na mchezo wao. Una mashimo 18 katika uwanda uliolala tambarare, meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pembeni yake ni miti mikubwa ya lachi. Lachi ni ndugu wa msonobari, lakini majani yake ya sindano hugeuka dhahabu na kupukutika yote kabla ya baridi. Miti hiyo ndiyo inayoufanya uwanja uwe mgumu. Ukitazama juujuu unaona ardhi imenyooka, hakuna kilima cha kukutisha, kumbe njia ya mpira imebanwa pande zote mbili, na aliyepotoka hatua chache anacheza kutoka nyuma ya shina.

Hakuna kedi. Kila mtu anavuta fimbo zake mwenyewe kwenye kigari cha magurudumu. Kwetu, ambako kedi ni mwalimu, shahidi na mshauri, na ambako wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, jambo hili lina upweke wake. Nilikosa mtu wa kuniambia, “Mzee, grini inavuta kushoto.” Grini za milimani zinataka mshauri kweli: jicho linapotoshwa na mteremko mkubwa wa mlima ulio nyuma, nawe unaona pamepanda mahali palipoinama. Mzee mmoja mwenyeji aliyepangwa kucheza nasi alituonyesha kanuni yake. Kabla ya kupiga alitazama maji ya mto yanaelekea wapi, kisha akaamini kwamba mpira nao utavutwa huko. Mara nyingi alikuwa sahihi.

Sasa nieleze habari ya hewa, maana anayepanga safari hii akitokea pwani ataihitaji. Juu kule hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira kwa nguvu ile ya Dar es Salaam au Mombasa. Fimbo ya chuma namba 7 ambayo nyumbani inanipa meta 140, Samedan ilinivusha grini nzima. Kadiria nyongeza ya karibu sehemu moja ya kumi, na jua kwamba asubuhi ya baridi kali nyongeza hiyo hupungua, kwa kuwa hewa baridi ni nzito. Shemeji hakuhitaji hesabu hiyo hata kidogo. Nairobi iko karibu kimo kilekile cha Samedan, na Limuru imepita meta 2,000. Mpira wake uliruka kama alivyouzoea tangu shimo la kwanza, akacheza kwa utulivu wa mtu aliye kwao. Mchezaji wa Nairobi, Limuru au Nyahururu anaingia Engadin akiwa tayari. Sisi wa pwani tunahitaji asubuhi moja ya kujifunza upya fimbo zetu.

Ilipokaribia saa sita mchana, yule mzee alitazama ncha za miti, akasema tuharakishe. Muda si muda upepo ukaanza. Wanauita upepo wa Maloja. Katika mabonde mengi ya Alpi, upepo wa mchana hupanda kuelekea vichwani mwa mabonde, hapa hushuka. Sababu ni kwamba Engadin haina ukuta upande wa Maloja: hewa ya joto inayopanda kutoka bonde la Bregaglia, upande wa Italia, inavuka ukingo ule na kumwagika ndani ya Engadin. Siku ya jua upepo huo hauna mjadala, huvuma alasiri nzima. Kwenye ziwa la Silvaplana vijana huusubiri kwa mbao zao za tanga. Mcheza gofu anamaliza kabla yake. Kwa hiyo mke wangu alipotufuata uwanjani saa saba akiwa na ramani mkononi, alitukuta tumeshavua viatu, tunamngoja.

St. Moritz na Sils

Watu huupenda au huuchukia mji wa St. Moritz kwa sababu ya fedha zake. Mimi niliutazama kwa sababu ya historia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwawekea dau wageni wake Waingereza wa kiangazi: rudini wakati wa baridi, na msipolipata jua nitawalipia nauli. Walirudi, wakalipata, na hapo ukaanza utalii wa majira ya baridi katika milima hii. Mji huu umeandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1928 na 1948.

Mke wangu alikuwa na haja moja tu pale: jumba la mviringo la mawe, lenye kuba, lililojengwa mwaka 1908 kwa ajili ya mchoraji Giovanni Segantini. Ndani ya chumba cha kuba zimetundikwa picha tatu kubwa, za uhai, maumbile na kifo. Segantini alichorea nje, turubai likiwa kwenye baridi, na hakuchanganya rangi kwenye kibao. Aliziweka kwa mistari myembamba ya rangi safi, mmoja ubavuni mwa mwenzake, jicho la mtazamaji lizichanganye lenyewe. Ukisogea karibu unaona nyuzi za buluu, njano na waridi. Ukirudi nyuma unaona theluji chini ya jua la asubuhi. Nilikuwa nimeutazama mwanga huo kwa macho yangu saa chache kabla, kwenye grini, na sikuwa nimeuelewa. Kazi hiyo ya picha tatu haikukamilika. Septemba 1899 alipanda mlima Schafberg, juu ya Pontresina, aendelee kuichora. Akaugua huko juu, na akafia kibandani akiwa na miaka 41.

Kutoka hapo basi la njano la posta lilitupeleka Sils, kati ya maziwa mawili. Mwanafalsafa Nietzsche alikodi chumba hapa kiangazi cha 1881, akarudi kila kiangazi kuanzia 1883 hadi 1888, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Chumba ni kidogo, kina kitanda, meza na dirisha linalotazama msitu. Hatukukaa sana. Tulipenda zaidi kutembea ukingoni mwa ziwa, upepo wa Maloja ukitupiga usoni.

Jioni tulikula kapuns. Ni unga uliokandwa na mayai na viungo vya majani, ukafungwa ndani ya majani mabichi, ukachemshwa katika maziwa na mchuzi, na juu yake jibini. Mke wangu aliligeuza jani kwa uma akacheka: ndilo lile tunalonunua sokoni Kariakoo kwa jina la spinachi. Kwa wasomaji Waislamu, nasisitiza jambo ambalo halimo katika vitabu vya utalii. Nyama maarufu ya kukaushwa ya Graubünden, jimbo lenye bonde hili, inayokatwa vipande vyembamba vya kupenyeza mwanga, ni ya ng’ombe. Lakini kapuns na supu ya shayiri mara nyingi hutiwa soseji au nyama ya nguruwe. Uliza kwanza. Kila mahali tulipouliza tulijibiwa kwa adabu, na mara mbili mpishi alitoka jikoni mwenyewe akatuandalia bila nyama.

Morteratsch

Siku iliyofuata hatukugusa fimbo. Naiweka siku hii katika mpango kwa makusudi, na nitamwomba kila atakayekwenda asiikate ili apate mashimo mengine 18.

Treni ya Bernina inakushusha kwenye kituo kidogo msituni. Kutoka hapo unatembea kwenye njia nyepesi kuelekea mto wa barafu wa Morteratsch, unaoteremka kutoka Piz Bernina, kilele cha meta 4,049, kirefu kuliko vyote katika Alpi za Mashariki. Kando ya njia kuna vibao vya miaka. Kila kimoja kinaonyesha mahali barafu ilipoishia mwaka ule. Vya kwanza viko karibu sana na kituo. Unatembea, unapita miaka ya babu yako. Unatembea zaidi, unapita mwaka uliozaliwa wewe. Kibao changu nilikikuta kati ya vichaka vilivyoota pale palipokuwa na barafu, na mwisho wa barafu yenyewe ulikuwa bado mbali mbele, nyuma ya mawe ya kijivu. Tangu vipimo vianze mwaka 1878, imerudi nyuma zaidi ya kilomita 2.

Nilikaa juu ya jiwe. Moshi, nilipokuwa mtoto, tukiamka tulitazama Kibo kabla hatujanawa uso. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Kule kwetu hakuna vibao vya miaka. Mtu anakumbuka kwa macho yake tu, na mdogo wake hamwamini. Natamani Kilimanjaro nayo ingewekewa vibao hivi, watoto wa shule wapande wavisome. Shemeji alimimina chai kutoka kwenye chupa, na tukanywa bila kuongea sana.

Maji ya barafu ile hushuka na mto Flaz hadi uwandani Samedan, karibu na tulikochezea, na kuungana na Inn. Zamani yalikuwa yakifurika kijijini. Mwanzoni mwa karne hii wenyeji waliuhamisha mto mzima, wakauchimbia njia mpya upande wa pili wa uwanda. Nilipourudia uwanja ule baadaye kwa matembezi ya jioni, niliyatazama maji kwa jicho jingine.

Zuoz

Uwanja wa pili uko kati ya vijiji vya Zuoz na Madulain. Ni mpya, wa mwaka 2003, nao una mashimo 18, lakini ni kinyume cha Samedan. Kule ulikuwa uwanda, hapa ni ubavu wa mlima. Unapanda, unashuka, unasimama juu ya kilima na kuulenga mpira kwenye bendera iliyo chini ya miguu yako. Hapa miguu inafanya kazi zaidi kuliko mikono. Mara nyingi mahali pa kupigia hapako sawa. Mguu mmoja uko juu ya mwingine, na mchezaji anajifunza kuufuata mwinamo badala ya kushindana nao. Shemeji, aliyekulia mchezo katika vilima vya chai vya Limuru, aliniambia, “Shemeji, usiusahihishe mlima. Uache ukubebe.” Nilipomsikiliza, mipira ikaanza kunyooka.

Tulimaliza kabla ya upepo, na mke wangu akatuingiza Zuoz. Zamani hiki ndicho kilikuwa kijiji kikuu cha Engadin ya Juu, makao ya ukoo wa Planta, ambao nembo yake ni wayo wa dubu. Katika uwanja wa kijiji kuna chemchemi ya mawe yenye sanamu ya dubu. Mwaka 1499, katika vita na majeshi ya mfalme wa Habsburg, wenyeji walivichoma moto vijiji vyao wenyewe ili adui asikute chakula wala paa. Nyumba tunazozitazama leo zilijengwa baada ya majivu hayo.

Na ni nyumba za namna gani! Kuta zina unene wa mkono mzima. Madirisha ni madogo kwa ndani na yamepanuka kwa nje, yakusanye mwanga na kuzuia baridi. Mlango ni mkubwa kiasi cha kupitisha mkokoteni wa majani makavu: ulikuwa unaingia mlango wa mbele, unapita kwenye ukumbi wa nyumba, unatokea ghalani nyuma. Nje, kuta zimejaa maua, nyota, samaki na viumbe vya ajabu, vyote vimechorwa kwa kukwangua. Fundi hupaka kwanza lipu ya chokaa na mchanga, ya kijivu. Juu yake hupaka chokaa nyeupe. Kabla haijakauka huikwangua kwa ncha ya chuma, na kijivu cha chini ndicho kinachokuwa mchoro.

Mke wangu alisimama mbele ya ukuta mmoja kwa muda mrefu, akaugusa. Nyumba ya bibi yake Lamu ina ukuta wa zidaka, safu za vidaka vya lipu ya chokaa iliyochongwa ikiwa bado mbichi. Akasema mafundi wa huku na wa kule wangeelewana bila mkalimani: wote walikuwa wakishindana na muda wa chokaa kukauka. Alimweleza hivyo mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua dirishani, naye akatukaribisha ndani. Alituonyesha chumba cha kukaa, kimefunikwa mbao za msonobari pande zote, kinanukia utomvu. Akatukatia keki ya jozi.

Keki hiyo ina hadithi. Jozi hazioti katika kimo kile. Watu wa Graubünden walikuwa maskini, na vijana wao walitoka kwenda kutafuta kazi mijini, wengi wakawa wapishi wa keki na wenye mikahawa. Venice walijaa hadi mwaka 1766, serikali ya mji huo ilipowafukuza. Wakatawanyika Ulaya nzima, Berlin, Warsaw hadi St. Petersburg. Waliofanikiwa walirudi uzeeni kujenga nyumba kubwa vijijini. Ustadi wa sukari iliyounguzwa, krimu na jozi ulirudi nao. Mama yule alizungumza Kiromanshi na jirani yake, lugha iliyotokana na Kilatini, yenye wasemaji kama 60,000 tu. Mwaka 1938 Waswisi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali iwe lugha ya taifa ya nne. Salamu ya kule ni “Allegra”. Tulipoijua hiyo moja, milango iliongezeka.

Guarda

Baada ya Zuoz bonde linabana, mto unazama, na vijiji vinapanda juu ya vibaraza vya mlima kutafuta jua. Guarda iko hivyo. Hakuna gofu hapa, na hatukuhitaji. Kijiji kilichomwa mwaka 1622 katika vita vya Habsburg, kikajengwa upya, na mwaka 1975 kilipewa Tuzo ya Wakker kwa namna kilivyozitunza nyumba zake. Watoto wa Uswisi wanakijua kwa kitabu cha picha cha mwaka 1945, cha mvulana Ursli anayepanda theluji kutafuta kengele kubwa. Selina Chönz alikiandika, Alois Carigiet akakichora. Kengele hizo si za kitabuni tu. Kila tarehe 1 Machi, watoto wa Engadin huzunguka vijijini wakizipiga ili kuifukuza baridi.

Tulitembea barabara moja mara tatu. Nilitaka tukae zaidi, na bado nataka.

Vulpera na Tarasp

Scuol, chini zaidi bondeni, ni mji wa maji. Chemchemi za madini zinazidi 20 katika eneo hili, na kwenye visima vya mawe vya mitaani maji ya kawaida hutoka bomba moja, na ya madini, yenye chuma na mapovu, bomba la pili. Jiwe chini ya bomba la madini limekuwa jekundu kwa kutu. Mke wangu aliyapenda. Shemeji alikunywa funda moja na kurudi kwenye bomba la kwanza.

Ng’ambo ya mto, juu ya korongo, iko Vulpera. Hapa palikuwa na hoteli kubwa ya wageni wa maji ya tiba, iliyoungua mwaka 1989. Uwanja wa gofu umebaki. Una mashimo 9 tu, tangu mwaka 1923, katika kimo cha karibu meta 1,270. Niliupenda kuliko vyote. Ni mfupi, umekunjwa kati ya misonobari na malisho, na kutoka sehemu nyingi unaliona jabali lenye ngome ya Tarasp juu yake. Ngome hiyo ni ya karne ya 11. Hadi mwaka 1803 ilikuwa mali ya Austria, kisiwa cha Wakatoliki katikati ya bonde la Waprotestanti, na tangu mwaka 2016 ni ya msanii Not Vital, aliyezaliwa kijiji jirani cha Sent, ambaye ameijaza kazi za sanaa. Alasiri tuliizuru. Asubuhi tulicheza yale mashimo tisa, tukapumzika, tukayarudia, kwa kuwa huku chini upepo wa Maloja haufiki kwa ukali ule.

Baada ya raundi ya pili Shemeji alitoa daftari lake. Alikuwa tayari anapanga safari ya wenzake wa Limuru pamoja na wenzangu wa Dar es Salaam, na alikuwa ameugeuza mpangilio wetu juu chini. Waanzie Vulpera, alisema, wa pwani wapate kuzoea hewa kwenye uwanja mfupi. Kisha wapande Zuoz, wafundishwe na mlima. Samedan iwe ya mwisho, wakati kila mtu ameshaijua fimbo yake mpya. Nikakubali papo hapo. Kuhusu majira hatukuafikiana: mimi nilipendekeza Julai, siku zikiwa ndefu, yeye anataka mwisho wa Septemba, lachi zikigeuka dhahabu, ingawa theluji inaweza kuwahi na uwanja ukafungwa.

Mke wangu alichukua kalamu, akaandika Morteratsch na Guarda katikati ya orodha. “Kaka,” alimwambia, “alasiri ni zangu hata kama sitakuwepo.” Shemeji hakufuta. Aliongeza chini yake kwamba kila mchezaji alete cheti chake cha handikapu kutoka klabu yake, maana viwanja vya Uswisi huviomba kabla ya kukupangia saa ya kuanza, na kwamba saa zote ziombwe kabla ya saa tatu asubuhi.